Barua ya Wazi kwa Bodi na Mkurugenzi wa Hospitali Yetu: Msongamano wa Idara ya Dharura Hauanzii Idara ya Dharura

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Mkurugenzi wa Hospitali,
na Wakuu wa Idara zote,
Arusha.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WAGONJWA WALIOANDIKIWA KULAZWA WANAOBAKI IDARA YA DHARURA KWA KUKOSA KITANDA WODINI

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa daktari bingwa wa magonjwa ya dharura, mwalimu wa madaktari walio mafunzoni, na mtafiti ninayechunguza ubora wa huduma na msongamano katika idara hiyo hiyo ninayoifanyia kazi. Ripoti ya utafiti tulioufanya kwa kibali cha maadili na kwa ridhaa yenu iko mezani kwenu. Nimeifuatilia kwa barua, nimeisemea katika vikao vya asubuhi, nimeomba nafasi ya kuiwasilisha mbele ya Bodi, na kila mara nimejibiwa kwa mdomo kwamba suala hili ni nyeti na kwamba linafanyiwa kazi. Kwa kuwa hakuna jibu la maandishi wala badiliko linaloonekana, nimeona ni wajibu wangu kulisema hadharani. Sikuitaja hospitali kwa jina, kwa sababu shida hii haiko kwetu peke yetu, na kwa sababu sitaki mtu mwenye mgonjwa nyumbani aogope kumleta.

Ninachowaambia ni kimoja. Msongamano mnaouona katika idara ya dharura hautokani na uzembe wa wauguzi wa mlangoni, wala hautokani na wingi wa watu wenye mafua. Unatokana na wagonjwa ambao tayari wamekwisha kuhudumiwa na kuandikiwa kulazwa, lakini hawana pa kwenda. Kwa hiyo dawa yake haiko mikononi mwa idara ya dharura. Iko mikononi mwa hospitali nzima, yaani mikononi mwenu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mgonjwa amelazwa kwenye karatasi, hajalazwa kitandani.

Daktari wa dharura akishamtuliza mgonjwa, akazungumza na daktari wa zamu wa idara inayohusika, na fomu ya kulazwa ikajazwa, kinachobaki ni kitanda. Hapo ndipo kungoja kunapoanza. Mgonjwa anabaki juu ya machela yenye godoro jembamba, chini ya taa isiyozimwa, ndugu zake wameegemea ukuta, na muuguzi wake ni yule yule anayetakiwa kumpokea majeruhi wa bodaboda anayeingizwa mlangoni. Aliyeandikiwa kulazwa saa sita mchana mara nyingi bado yuko nasi saa tisa usiku, na wapo wanaoona asubuhi ya pili wakiwa pale pale. Raundi ya wodini haimfikii kwa kuwa hayupo wodini, na daktari wetu aliyeingia zamu anamhesabu kuwa ni mgonjwa wa wodini. Dozi ya saa nne usiku inakuwa haina mwenyewe. Mkojo haupimwi, mgonjwa hageuzwi, sukari haiangaliwi tena, si kwa sababu kuna mtu aliyekataa kazi, bali kwa sababu mgonjwa huyo ameangukia katikati ya timu mbili, na kila moja inaamini kwa nia njema kwamba nyingine inamtazama.

Anayeijua stendi ya daladala ya Kilombero ataelewa haraka: magari yaliyojaza abiria yasipoondoka, yanayokuja yatapanga foleni hadi barabarani, na kumfokea anayesimama getini hakutaliondoa hata gari moja. Mwaka 2003 Brent Asplin na wenzake nchini Marekani waliugawa msongamano wa idara ya dharura katika sehemu tatu, ambazo ni wanaoingia, wanaohudumiwa na wanaotoka, na tangu wakati huo watafiti wa fani yetu wamerudi mara nyingi kwenye sehemu ya tatu kama mahali palipoziba. Nasi tumelikuta hilo hilo hapa Arusha.

2. Kungoja huku kunaua.

Sitasimulia kisa cha mgonjwa yeyote wa kwetu, kwa sababu siri ya mgonjwa si mali yangu. Nitasema yaliyochapishwa. Mwaka 2006, nchini Australia, utafiti wa Peter Sprivulis na wenzake katika hospitali za Perth ulikuta kwamba msongamano wa hospitali na wa idara ya dharura uliambatana na ongezeko la asilimia 30 la vifo ifikapo siku ya pili na ya saba. Huko California, Benjamin Sun na wenzake walipitia kumbukumbu za hospitali 187 za mwaka 2007, zenye karibu wagonjwa milioni moja waliolazwa kupitia idara za dharura, wakakuta kwamba waliolazwa siku za msongamano mkubwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufia hospitalini, kwa asilimia 5. Uingereza, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kifo kimoja cha ziada kwa kila wagonjwa 82 ambao kuhamishiwa kwao wodini kulichelewa kupita saa sita hadi nane tangu walipofika. Naomba takwimu hiyo ya mwisho isomwe polepole na kila mjumbe wa Bodi. Kwetu, saa nane hazihesabiwi kuwa ni kuchelewa. Ni jambo la kawaida.

Hatari hiyo haiwakabili waliolazwa peke yao. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, wachunguzi waliofuatilia karibu wagonjwa milioni 14 walioonwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani walikuta kwamba waliofika katika zamu zenye muda mrefu wa kungoja walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa au kurudishwa kulazwa ndani ya siku chache. Maana yake ni kwamba hata yule tunayemwambia aende nyumbani anaumizwa na msongamano, kwa kuwa daktari aliyezungukwa na machela hana nafasi ya kuuliza swali la pili.

Kama mtaniambia kwamba hizo ni nchi tajiri na sisi tuna mambo yetu, nitawakumbusha Ghana. Mwaka 2018, jijini Accra, mzee wa miaka 70 alifariki akiwa ndani ya gari baada ya kuzungushwa katika hospitali saba kwa maelezo kwamba hakuna kitanda, na taifa zima likajadili. Tofauti yetu na nchi tajiri ni kwamba wao wanaanza na wauguzi wengi zaidi kuliko sisi. Sina sababu ya kuamini kwamba msongamano unaowaua wao utatuhurumia sisi.

3. Rangi tunazowapa wagonjwa zimepoteza ahadi yake.

Katika mfumo wa kupanga wagonjwa kwa uharaka ulioanzia Cape Town, na ambao nchi nyingi za Afrika zinautumia, rangi ni ahadi ya muda: nyekundu ahudumiwe papo hapo, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Muuguzi wetu wa mlangoni anaifanya kazi hiyo vizuri. Lakini eneo jekundu likiwa limejaa watu wanaosubiri kitanda cha chumba cha uangalizi maalumu, mgonjwa mpya mwekundu anafufuliwa koridoni, mtungi wa oksijeni ukiwa umeshikwa na ndugu yake. Mwenye rangi ya chungwa anakaa benchi. Maumivu ya mfupa uliovunjika hayapewi dawa kwa wakati, na antibayotiki ya nimonia inachelewa. Jesse Pines na wenzake huko Pennsylvania waliyaonyesha yote mawili, maumivu na nimonia, miaka ya 2007 na 2008. Hapa kwetu mtu yeyote anaweza kuyaona akikaa idarani usiku mmoja wa Jumamosi.

4. Vitanda vya wodini vimekaliwa na watu waliokwisha kupona.

Hili ndilo ninaloomba mlisome kwa makini kuliko yote, kwa sababu liko ndani ya uwezo wenu leo. Mgonjwa anaambiwa na daktari wa raundi, tuseme saa nne asubuhi, kwamba ameruhusiwa. Kisha safari yake inaanza. Muhtasari wa matibabu unaandikwa na daktari wa mafunzo ambaye bado yuko kwenye raundi, kwa hiyo unaandikwa saa saba. Dawa za kwenda nazo zinafuatwa saa nane. Faili linakwenda kwenye bili, na kama ni mwenye bima linarudishwa kwa sababu sahihi moja imekosekana. Kama si mwenye bima, ndugu wanaanza kupigiana simu na kuchangishana, na anayekuja na fedha anatokea Longido au Karatu na atapanda gari la kesho. Dirisha la malipo linafungwa. Mgonjwa mzima anakula chakula cha jioni kitandani, wakati mwenye kiharusi yuko chini kwenye machela. Ikiwa siku hiyo ni Ijumaa, basi ni mpaka Jumatatu, kwa sababu raundi ya bingwa mwishoni mwa wiki haifanyiki kwa utaratibu, na afisa ustawi wa jamii, ambaye ndiye anayeweza kumsaidia asiye na uwezo, hayupo.

Jambo jingine ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha ni ratiba ya upasuaji wa kupangwa. Kesi nyingi zimewekwa mwanzoni mwa wiki kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka, na kwa hiyo Jumatatu na Jumanne wodi ya upasuaji inajazwa na watu walioitwa kutoka nyumbani, huku majeruhi aliyepasuliwa usiku akikosa pa kulala. Eugene Litvak amefanya kazi ya miaka mingi nchini Marekani kuonyesha kwamba kupanda na kushuka kwa mahitaji ya vitanda kunasababishwa kwa kiasi kikubwa na ratiba tunazozipanga wenyewe, na kwamba kuzisambaza katika siku zote za wiki kunafungua vitanda bila kununua hata kimoja.

5. Wauguzi wetu wanaondoka.

Muuguzi aliyejifunza kuhudumia dharura akigeuzwa kuwa muuguzi wa wodi isiyo na ukuta, anaomba uhamisho. Nao madaktari tunaowafundisha wanajifunza kuruka machela. Idara ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mabingwa wa kwanza waliosomea hapa nchini walihitimu mwaka 2013. Taaluma hii ni changa na watu wake ni wachache. Haistahili kuchakazwa.

6. Takwimu zimefungiwa kabatini.

Ripoti haina jina la mgonjwa wala la mtumishi. Ina muda wa kufika, muda wa kuonwa, muda wa kuandikiwa kulazwa na muda wa kuondoka. Sioni ni unyeti gani ulio katika saa.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimekwisha kuyasikia.

La kwanza ni kwamba watu wenye shida ndogo wangekwenda zahanati na vituo vya afya, idara ingepumua. Ni kweli kwamba wapo wanaoruka ngazi, na ni vema wakaelimishwa. Lakini mtu mwenye kidonda cha kidole hakai kwenye machela. Anakaa benchi, anafungwa kidonda, anaondoka. Michael Schull na wenzake walilipima jambo hili katika hospitali za Ontario na kuchapisha mwaka 2007: kila wagonjwa 10 wa aina hiyo walioongezeka katika kipindi cha saa nane walirefusha muda wa kukaa wa wagonjwa wengine kwa dakika kama 5 tu. Tukiendelea kuwalaumu tutakuwa tumemlaumu asiyehusika, na tutakuwa tumepoteza miaka.

La pili ni kwamba tusubiri jengo jipya. Nchi yetu imejenga. Mpango wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, uliozinduliwa Oktoba 2021, uliziletea hospitali nyingi majengo ya dharura na vyumba vya uangalizi maalumu, nami naushukuru kwa dhati. Lakini hesabu haibadiliki kwa ukuta. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuikokotoa: idadi ya watu walio ndani ni idadi wanaoingia kwa saa mara muda ambao kila mmoja anakaa. Tuchukue mfano wa wagonjwa wanne kwa saa. Kila mmoja akikaa saa tano, wakati wowote mtakuta 20 ndani. Muda ukishuka hadi saa tatu, mtakuta 12, bila tofali hata moja. Chumba kikipanuliwa na muda usipoguswa, kitajaa machela nyingi zaidi za watu wale wale wanaosubiri.

La tatu ni la wakuu wa wodi, nami nalielewa kuliko yote: wodi zimejaa, na kuleta mgonjwa wa ziada ni kuwaonea wauguzi wa huko. Ni kweli zimejaa. Lakini leo hii mzigo wote wa hospitali nzima umewekwa juu ya wauguzi wachache wa chumba kimoja, chumba ambacho hakina ruhusa ya kusema kimejaa. Mwaka 2001, katika hospitali ya Stony Brook, New York, Peter Viccellio na wenzake walianza utaratibu wa kuwagawa wagonjwa waliolazwa, mmoja mmoja, kwa wodi zote pindi idara ya dharura inapozidiwa, hata kama ni koridoni mwa wodi. Miaka minne ya kumbukumbu zao haikuonyesha kwamba waliohamishwa hivyo walikufa zaidi. Mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wodi ni mzigo unaobebeka. Kumi katika chumba cha dharura hawabebeki. Isitoshe, mgonjwa akiwa mbele ya macho ya wodi, raundi inamfikia na dozi yake inapata mwenyewe.

La nne ni fedha. Karibu yote ninayoomba ni utaratibu, si ununuzi.

Ninaomba, kwanza, ripoti isomwe mbele ya Bodi, wakuu wa wodi zote wakiwepo, na muda wa kungoja kitanda ubandikwe ukutani kila wiki, mahali ambapo watumishi na wananchi wanauona. Bodi itamke kwamba mgonjwa aliyeandikiwa kulazwa ni wa wodi tangu dakika ile, popote alipo, na kwamba daktari na muuguzi wa wodi hiyo wanawajibika kwake kwa dozi na kwa raundi.

Pili, ateuliwe msimamizi wa vitanda wa saa 24, mwenye mamlaka ya kuhamisha mgonjwa bila kubembeleza, pamoja na utaratibu wa maandishi wa kugawana wagonjwa pindi machela za waliolazwa zinapofikia idadi mtakayoiweka wenyewe.

Tatu, ruhusa. Muhtasari uandikwe jioni ya kuamkia siku ya kuruhusiwa. Dirisha la bili, famasi na ustawi wa jamii vifanye kazi Jumamosi na Jumapili. Raundi ya bingwa ifanyike siku zote saba. Na kitengwe chumba chenye viti, maji na choo ambamo aliyeruhusiwa atasubiri ndugu zake na bili yake, ili kitanda kimpokee mwingine. Ratiba ya upasuaji wa kupangwa isambazwe katika siku zote za wiki kuanzia robo mwaka ijayo.

Naomba mlione jambo hili pamoja na yanayokuja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na watu ambao zamani waliugulia nyumbani kwa kukosa fedha watakuja, tena wana haki ya kuja. Mkoa wetu una barabara za Namanga, Makuyuni na Moshi zenye malori na magari ya watalii usiku na mchana, na AFCON ya 2027 itauleta umati katika mji huu. Wengi wetu tuliomo katika kazi hii hatujasahau Mei 2017, wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva walipopoteza maisha katika ajali ya basi huko Karatu. Hospitali ambayo machela zake zimekaliwa usiku wa kawaida haina pa kuwaweka majeruhi wa basi moja, na hakuna zoezi la maafa litakaloubadilisha ukweli huo kama vitanda havitembei siku za kawaida.

Sina ugomvi na mtu yeyote kati yenu. Wengi wenu mmenifundisha, na wengine nimekesha nao. Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likisema ni lipi kati ya haya mmelikubali, nani amepewa kulisimamia na litaanza lini, na kwa lile mtakalolikataa, sababu zake. Niko tayari kufika mbele ya Bodi saa yoyote, ikiwa ni pamoja na baada ya zamu ya usiku, na ninawaalika wajumbe wote kuja idarani siku watakayoichagua, baada ya saa nne usiku, bila taarifa.

Wenu katika utumishi,

Daktari bingwa wa magonjwa ya dharura na mhadhiri,
Arusha.

Nakala: Kamati ya Ubora ya Hospitali, Wauguzi Viongozi wa wodi zote.